Paka wawili waliomtangaza Steinlen Paris

Watu wengi wanamjua kwa paka tu. Théophile Steinlen, Mswisi aliyezaliwa Lausanne mwaka 1859, alihamia Montmartre, ule mtaa wa kilimani Paris uliojaa baa na wasanii. Kwake paka walikuwa kibao, na jamaa alikuwa anawachora tu: wamelala, wanajinyoosha, wanagombana.

Mwaka 1894 akapata maonyesho yake ya peke yake ukumbi wa La Bodinière. Bango achore nini sasa? Kumbuka kipindi hicho alikuwa anachorea gazeti la kisoshalisti, Le Chambard, picha za wafanyakazi na masikini, ila anasaini Petit Pierre. Si bure. Mabomu yalikuwa yamelipuka Paris na sheria mpya zilikuwa zinabana magazeti.

Kwenye bango akaweka paka wawili, mmoja mweusi, mwingine wa mabaka. Hakuna binadamu hata mmoja. Ujanja au mapenzi? Labda vyote.

Na kazi yenyewe si mchezo. Unachora juu ya jiwe kwa wino wenye mafuta, unalilowesha maji, halafu wino wa kuchapia unashika palipochorwa tu. Kila rangi na jiwe lake. Karatasi ikisogea kidogo, umeharibu.

Mwaka huohuo akachora tangazo la maziwa: bintiye Colette anakunywa, paka watatu wanamkodolea macho.

Lile paka jeusi la Le Chat Noir unaloliona kwenye fulana na vikombe? Lake pia, 1896. Michoro ya Petit Pierre hukutani nayo dukani.