Kitabu nilichojibia mtihani bila kukisoma

Ngugi wa Thiong'o alifariki Mei 28, 2025, huko Georgia, Marekani. Taarifa zilipofika chumba cha habari mhariri wetu alizungusha macho, akaniona mimi, akasema, "Wewe si umesoma mambo ya fasihi? Nipe maneno mia sita kabla ya saa moja." Nikaandika. Kuzaliwa kwake Limuru mwaka 1938, Makerere, kuwekwa kizuizini Kamiti, kuhama Kiingereza na kuandika Kigikuyu. Habari ikatoka, mhariri akasema safi.

Usiku ule nikiwa kwenye daladala ya Mbagala ndipo nilipokumbuka jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mwaka 2014, kwenye mtihani wa kidato cha nne, niliandika insha ya Kiingereza kuhusu tamthilia ya Ngugi inayoitwa The Black Hermit. Nilijaza karibu kurasa tatu. Nikapata C. Na kitabu chenyewe sikuwa nimewahi kukishika mkononi, achilia mbali kukisoma.

Najua siko peke yangu. Kama ulisoma shule ya kata, miaka ile au hata hii, unajua naongelea nini.

Nimekulia Kilosa mjini. Shule yetu (jina nitalihifadhi, walimu wetu walijitahidi kwa walichokuwa nacho) ilikuwa na nakala moja moja ya baadhi ya vitabu vya fasihi ya Kiingereza, na vingine haikuwa navyo kabisa. Mwalimu anakuja, anaandika ubaoni jina la kitabu, la mwandishi, mandhari, wahusika, dhamira, ujumbe. Tunanakili. Kwa wale waliokuwa wanasinzia kulikuwa na dawa nyingine: desa. Pale karibu na stendi kulikuwa na kibanda cha fotokopi. Unatoa buku mbili, unapewa karatasi kumi na mbili zilizobanwa pini kona moja, ndani yake vitabu sita vimeisha.

Kwa wale mliosahau, pepa ya Kiingereza ya kidato cha nne ilikuwa inakuja na orodha ya vitabu imechapishwa humo humo kwenye karatasi ya maswali. Riwaya kama Passed Like a Shadow ya Bernard Mapalala na Unanswered Cries ya Osman Conteh. Tamthilia kama The Black Hermit na Three Suitors: One Husband ya Guillaume Oyono-Mbia. Mashairi, Growing Up with Poetry ya David Rubadiri na Summons ya Richard Mabala. Swali linakutaka utumie vitabu viwili kuonyesha jambo fulani. Sasa sisi tulikuwa na fomyula. Utangulizi mmoja unaofaa maswali yote, tumeukariri mpaka nukta. Halafu hoja tatu kutoka kitabu cha kwanza, tatu kutoka cha pili, na hitimisho ambalo nalo ni moja kwa maswali yote. Swali likitaka mila, unachomeka mila. Likitaka nafasi ya mwanamke, unachomeka mwanamke. Kama fundi wa viatu, soli ni ile ile, anabadilisha ngozi ya juu.

Nilikariri kwamba Adyeri ni mlevi. Nilikariri Abooki. Nilidhani ni majina ya ukoo ya ajabu ajabu. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari nafanya kazi, nilikutana kwenye semina na mwandishi mwenzangu kutoka Fort Portal, watu wakawa wanamwita Abooki. Nikamuuliza kwa mshangao, naye akanieleza kuhusu empaako: majina ya heshima na upendo ambayo Watoro na Wanyoro hupewa juu ya jina la kuzaliwa, na ambayo UNESCO iliyaingiza mwaka 2013 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Yaani mwaka mmoja kabla ya mtihani wangu! Nilikuwa nimebeba majina hayo kichwani kama mtu aliyebeba kikapu kilichofunikwa asijue ndani kuna nini.

Basi nikaanza kujiuliza. Hivi vitabu vilifikaje Kilosa? Na kwa nini vilifika majina tu bila vitabu?

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1867, Edward Steere wa misheni ya UMCA alichapisha Zanzibar hadithi nne za Shakespeare kwa Kiswahili, akizitoa kwenye kile kitabu cha Charles na Mary Lamb. Maana yake Shakespeare alifika pwani yetu kwa Kiswahili kwanza, kabla hajageuka kuwa mtihani. Mtihani ulikuja na wakoloni. Mpaka miaka ya 1960 wanafunzi wetu wachache wa sekondari walifanya mtihani wa Cambridge, na Kiingereza chake kilikuwa na vitabu vya Uingereza. Mwalimu Nyerere, aliyefundisha Tabora na Pugu, aliijua dunia hiyo vizuri. Akiwa Rais alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Rais wa nchi anakaa usiku kutafsiri tamthilia! Leo tungesema hana kazi.

Mwaka 1962 ndipo mambo yalipogeuka. Juni mwaka huo waandishi wa Afrika wanaoandika Kiingereza walikutana Makerere. Ngugi alikuwa mwanafunzi pale pale. Mwaka huo huo Heinemann walianzisha mfululizo wao wa waandishi wa Afrika, wakaanza na Things Fall Apart ya Achebe. Na Novemba, katika shamrashamra za uhuru wa Uganda, wanafunzi wa Makerere waliigiza The Black Hermit kwenye Jumba la Taifa la Sanaa pale Kampala. Mwandishi alikuwa na miaka ishirini na minne. Umri wangu nilipoajiriwa.

Kwa hiyo nchi zetu zilipotaka kufundisha Kiingereza bila kumfundisha mtoto maua ya Uingereza ambayo hajawahi kuyaona, vitabu vilikuwa vimeshaanza kupatikana. Mwaka 1968 Ngugi, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wao pale Chuo Kikuu cha Nairobi wakitaka idara ya Kiingereza ifutwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Sisi Tanzania tulijitoa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na NECTA ikaundwa kwa Sheria namba 21 ya mwaka 1973. Tukawa tunajitungia mitihani wenyewe.

Hapo kwa upande wa majina tulishinda. Tatizo likabaki lugha yenyewe. Shule ya msingi ni Kiswahili, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Kidato cha kwanza, ghafla, kila kitu Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima wanafunzi wetu na kuandika kwamba ni kama asilimia 10 tu ya kidato cha nne waliofikia kiwango ambacho mtu angetegemea masomo kwa Kiingereza ndiyo yaanze. Yaani wanamaliza pale ambapo walitakiwa kuanzia. Tume ya Makweta ilikuwa imeshapendekeza Kiswahili kipande sekondari, serikali ikakataa. Badala yake ukaja mradi uliofadhiliwa na Uingereza, wa kusambaza shuleni vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa.

Hapa nimtaje mama. Yeye alisoma sekondari mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980, na vitabu hivyo vya mradi alivikuta. Anasema vilikuja kwenye maboksi, wanaazimana, wanasoma na kibatari mpaka pua inakuwa nyeusi. Alikuwa na sanduku la bati la vitabu vyake vya shule. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulipovunja kingo zake, wengine mnakumbuka, reli ya kati ilikatika na maelfu ya watu wakaishia kwenye mahema. Sisi tulitoka na godoro na redio. Sanduku lilipatikana baadaye limejaa tope.

Lakini mama hadithi anazo. Mpaka leo akichambua mchele anaweza kukusimulia mwanzo mpaka mwisho, na sauti za wahusika anaigiza. Kiingereza alipata D. Mimi nilipata C, na hadithi sina hata moja.

Nikaona niandike hili, lakini nikaona kwanza niende nyumbani. Mdogo wangu wa kike alikuwa kidato cha nne Mikumi, anakaa kwa mama mdogo ambaye anauzia chakula madereva wa malori barabara kuu. Nilipita mitaa ya Posta pale kwa wauza vitabu vya mitumba, nikapata The Black Hermit, kakitabu chembamba tu. Nikapanda basi. Tulipoingia hifadhini dereva akapunguza mwendo, nyani wamekaa pembeni mwa lami kama wanasubiri abiria, na mimi nasoma ukurasa wa kwanza wa kitabu nilichokipatia C miaka kumi na moja iliyopita.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Hebu lete madaftari yako nione."

Akaleta desa. Nikalifungua nikacheka, halafu kicheko kikakata. Ni lile lile. Sentensi zile zile nilizokariri mimi, hata jina la mhusika mkuu, Remi, limeandikwa "Remmy" vile vile kama kwenye karatasi zangu za Kilosa. Kosa limepigwa fotokopi kwa zaidi ya miaka kumi, limeenda wilaya nzima, labda na mkoa.

Nikamwambia tusome kitabu chenyewe. Akaniangalia. "Kaka, wewe ulikariri ukafika chuo kikuu. Mimi ndiyo unataka nisome?"

Nilikosa jibu. Kwa sababu ni kweli. Ana masomo mengine saba. Mwaka 2012 watahiniwa karibu sita katika kila kumi walipata sifuri, matokeo yakafutwa na kupangwa upya mwaka 2013. Nilikuwa kidato cha tatu, na nilikariri kwa hofu ile. Shule za kata zilizoongezeka kwa kasi kuanzia mpango wa MMES wa mwaka 2004 ndizo zilizonipa mimi sekondari, bila hizo labda ningekuwa nauza nyanya Kimamba. Siwezi kuzitukana. Na desa ndilo lililonivusha. Nani anamkataza mtu mtumbwi akiwa ameshavuka?

Tulisoma hata hivyo. Jioni mbili, nje, kwa taa ya banda la mama mdogo. Mimi Remi, yeye wahusika wote wengine. Mistari migumu tunaijadili kwa Kiswahili kisha tunarudi. Remi ni kijana wa kwanza kijijini kufika chuo kikuu, amekimbilia mjini, amemwacha Thoni, mke aliyerithishwa kwake kwa mila baada ya kaka yake kufa. Anaamini Thoni hampendi. Anarudi, anahutubia, anavunja kila kitu mbele za watu. Thoni anajiua. Na barua yake, inayosema kwamba alimpenda, Remi anaisoma akiwa ameshachelewa.

Mdogo wangu alinyamaza. Kisha akachukua desa, akatafuta. Kwenye desa Thoni alikuwa na mistari miwili: mke mwaminifu, mhanga wa mila. Barua haimo.

"Kumbe alikuwa hajaisoma barua," akasema. "Angeisoma mapema."

Sikumjibu. Nilikuwa nawaza yule msomi wa kwanza wa kijiji, anayejua kuhutubia na hajui kilichoandikwa, na nilikuwa nawaza maneno yangu mia sita ya tanzia.

Asubuhi kabla sijaondoka aliniuliza swali lake la mwisho. "Sasa kaka, hii itanisaidia kwenye pepa?" Nikamwambia ukweli: kwa marks, sijui. Utangulizi wa kukariri ubaki nao, usiutupe, ni wako. Lakini wakikuuliza kuhusu Thoni, andika kuhusu barua. Msahihishaji atakuwa ameshasoma "mhanga wa mila" mara mia tano siku hiyo.

Kitabu nilimwachia. Baadaye mama mdogo aliniambia kwenye simu kwamba kimeshatoka nyumbani, kimeenda kwa rafiki, na kutoka kwa rafiki kimeenda kwingine, na sasa kimechakaa jalada. Mtihani alifanya Novemba. Matokeo ni yake, sitayaandika hapa.

Mimi nimeanza na Passed Like a Shadow. Adyeri kweli ni mlevi. Ila kuna mengi mengine.