Anwani ya Kiingereza: Kutoka Patasi hadi Kompyuta

Mwanafunzi anayeagizwa kuandika anwani ya kitabu cha Kiingereza kwa herufi za mlazo, na kuyaanza maneno yake makuu kwa herufi kubwa, hupokea urithi wa mafundi wa karne nyingi. Wengi wao hawakuwa wanasarufi.

Warumi walichonga maandishi ya mawe kwa herufi kubwa tupu, kama yale ya Mnara wa Trajan wa mwaka 113. Herufi ndogo zilikomaa mwishoni mwa karne ya 8 katika himaya ya Charlemagne, ambako wanakili walihitaji mwandiko mmoja ulio wazi. Herufi kubwa zilibaki kwenye vichwa na mianzo, mahali pa heshima. Hata hivyo, vitabu vya zama hizo kwa kawaida havikuwa na ukurasa wa anwani. Vingi vilitambuliwa kwa maneno yake ya kwanza.

Uchapaji uligeuza mambo. Gutenberg alichapa Biblia yake huko Mainz katika miaka ya 1450, na mwaka 1476 William Caxton akafungua karakana Westminster. Kitabu sasa kilitafuta wanunuzi wasiojulikana, nao ukurasa wa anwani ukazaliwa. Mwaka 1501 mchapaji Aldus Manutius wa Venice alitoa kazi za mshairi Virgil kwa herufi za mlazo zilizochongwa na Francesco Griffo. Kitabu kizima kilichapwa hivyo. Kazi ya kutenga anwani ndani ya maandishi ilizifikia herufi hizo baadaye.

Karne ya 17 na mwanzoni mwa ya 18, Waingereza walianza nomino nyingi kwa herufi kubwa, hata katikati ya sentensi. Desturi hiyo ilififia baada ya 1750, lakini katika anwani herufi kubwa zilidumu.

Kisha ikaja taipureta. Remington ya 1874 ilipiga herufi kubwa peke yake. Ya 1878 ikaleta na ndogo. Mlazo haikuwa nao, hivyo anwani ikapigiwa mstari, ishara ambayo wachapaji waliisoma kama agizo la mlazo. Vizazi vya walimu viliifundisha kama sheria, ilhali ilitokana na upungufu wa mashine.

Karne ya 20 ilileta miongozo ya uandishi: Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1906, wanasaikolojia wa APA 1929, wanafasihi wa MLA 1951. Hawakuafikiana. Katika orodha ya marejeo, APA huweka herufi kubwa kwenye neno la kwanza la anwani ya kitabu, la kwanza baada ya nukta mbili, na majina ya pekee tu. MLA huzieneza kwa maneno yote makuu. Mwaka 2024 Chicago ikaamua kwamba vihusishi vya herufi tano au zaidi navyo vikuzwe: About, iliyokuwa ndogo katikati ya anwani, sasa huanza kwa A kubwa.