Uli, Kiwanja cha Usiku: Habari za Marubani wa Chakula

Ndugu zangu tuliosoma hapa zamani, na ninyi vijana mnaokalia madawati yetu sasa,

Katika mkutano wetu wa mwaka jana kijana mmoja wa Kidato cha Nne alinifuata baada ya hotuba, akanieleza kwamba anataka kuwa rubani. Si rubani wa abiria, alisema, bali wa yale mashirika yapelekayo chakula na dawa penye vita na njaa. Kisha akaongeza, "Kazi ile, mzee, haina lawama." Sikumjibu siku ile, maana wali ulikuwa unapoa na mwenyekiti alikuwa anagonga meza. Jibu langu ni refu kidogo, na ndiyo sababu nimemwomba Mhariri nafasi hii.

Naanzia Biafra. Jimbo la Mashariki la Nigeria lilijitangaza kuwa nchi huru kwa jina hilo tarehe 30 Mei 1967, na mwezi wa Julai vita vikaanza. Serikali ya Nigeria ilifunga njia za bahari na za nchi kavu. Port Harcourt ilipotekwa Mei 1968, Biafra haikubakiwa na bandari, na mamilioni ya watu, wengi wao wakimbizi, wakabanwa katika eneo lililokuwa likipungua mwezi hadi mwezi. Watoto wakafa kwa kwashakoo. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968, na wazee wetu waliokuwa madarasani wakati ule bado hubishana juu ya uamuzi huo kila tukutanapo. Lakini kutambua si kulisha. Chakula kingeweza kuingia kwa njia moja tu, yaani angani.

Uli palikuwa ni kipande cha barabara kuu iendayo Owerri, ambacho wahandisi wa Biafra walikipanua kikawa kiwanja. Upana wake ulikuwa futi 75, kama mita 23 hivi. Ndege aina ya DC-6 ina mabawa yenye urefu wa zaidi ya mita 35 kutoka ncha hadi ncha. Kwa hiyo rubani aliyetua Uli alijua kwamba mabawa yake yanapita juu ya majani ya pande zote mbili, na kwamba gurudumu likihama kidogo tu amekwisha. Tena yote hayo yalifanyika gizani. Ndege za makanisa ziliondoka kisiwa cha São Tomé, kilichokuwa koloni la Wareno, na zile za Msalaba Mwekundu ziliondoka Fernando Po na baadaye Cotonou. Zilipangwa kuvuka pwani ya Nigeria jua likiwa limekwisha kutua, taa zote zimezimwa. Zilizunguka juu ya Uli zikingoja zamu. Taa za kiwanja ziliwashwa kwa muda mfupi tu wa kutua, kisha zikazimwa, kwa sababu huko juu ilizunguka pia ndege ya Nigeria yenye mabomu, ikivizia taa hizo. Watu wa chini walipakua kwa mikono maziwa ya unga, chumvi na samaki wakavu wa Norwei, na rubani mwenye nguvu alirudi mara ya pili usiku ule ule. Nyingine ziliporudi zilichukua watoto wagonjwa kuwapeleka São Tomé na Gabon.

Umoja wa makanisa peke yake ulifanya safari 5,314 na kupeleka tani zipatazo 60,000. Kwa kuwa kifupi cha jina la umoja huo kwa Kiingereza kilikuwa JCA, marubani waliuita kwa mzaha Shirika la Ndege la Yesu Kristo. Mzaha huo haukumaanisha kwamba wote walikuwa watu wa dini. Wako waliokwenda kwa huruma, wako waliokwenda kwa mshahara, na sidhani kwamba mtoto aliyekunywa maziwa yale aliuliza ni wa kundi gani aliyeyaleta.

Lakini lipo jambo ambalo halipendwi kutajwa. Kiwanja kile kile, usiku ule ule, kilipokea ndege za silaha. Nigeria ilitaka ndege za chakula ziruke mchana ili zikaguliwe. Ojukwu, kiongozi wa Biafra, alikataa kwa hofu kwamba adui angejipenyeza nyuma yake. Basi aliyekuwa juu na bomu mkononi hakuwa na njia ya kutenganisha samaki na risasi, na sijui kama alitaka kutenganisha.

Hapo ndipo anapoingia Carl Gustaf von Rosen. Huyu alikuwa Mswidi wa ukoo wa kikabaila, aliyezaliwa mwaka 1909. (Mama yake mdogo alikuwa mke wa kwanza wa Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga la Hitler, ukoo haumchagulii mtu njia.) Mwaka 1935 Italia ilipoivamia Ethiopia, von Rosen alikwenda kurusha ndege ya wagonjwa ya Msalaba Mwekundu. Huko, mwezi wa Desemba, ndege za Italia ziliipiga mabomu kambi ya hospitali ya Waswidi pale Malka Dida, yenye alama zake zote za msalaba. Baada ya Vita Kuu ya Pili alirudi Ethiopia kusaidia kuunda jeshi la anga la Mfalme Haile Selassie. Agosti 1968, akiwa na umri wa karibu miaka 59, aliingia Uli mchana kweupe na shehena ya msaada, akiruka karibu na vilele vya miti ili mizinga isimpate, na safari hiyo ikawatia moyo marubani waliokuwa wamekwama São Tomé.

Nilipokuwa Mlimani niliandika insha ndefu ya kumsifu mtu huyu. Mwalimu wangu aliirudisha na maneno machache pembeni kwa wino mwekundu: "Na wale wa tarehe 5 Juni je?"

Yeye alijua nilichokiruka. Von Rosen alikuwa amefikia kuamini kwamba haina maana kumlisha mtoto leo ili apigwe bomu kesho. Akanunua Uswidi vijindege vitano vya MFI-9B, vyenye viti viwili, vikafungwa roketi chini ya mabawa huko Gabon. Tarehe 22 Mei 1969, yeye na wenzake, Waswidi na Wabiafra, walianza kushambulia viwanja vya ndege vya Nigeria. Dunia ilishangilia. Wiki mbili baadaye, tarehe 5 Juni jioni, ndege ya kivita ya Nigeria iliiangusha DC-7 ya Msalaba Mwekundu iliyokuwa inapeleka chakula, na wote waliokuwamo wakafa. Msalaba Mwekundu ukasimamisha safari zake na haukuzirudia tena. Siwezi kusema kwamba tendo la kwanza ndilo lililozaa la pili, maana Nigeria ilikuwa na hasira zake za siku nyingi. Lakini anayetazama Mswidi wa chakula na Mswidi wa roketi kutoka chini, usiku, hana miwani ya kuwatofautisha.

Sikulielewa jambo hili vitabuni. Nililielewa kazini. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia malori ya mahindi ya msaada baada ya mafuriko. Mtu mmoja mwenye sauti kubwa aliniomba maboksi matatu tu ya fulana na kofia za kampeni yapande juu ya magunia, kwa kuwa lori linakwenda huko huko. Nikakubali. Wiki iliyofuata lori lilipofika kijiji cha pili, wazee walikaa mbali na kuuliza mahindi haya ni ya nani, na tulipoteza siku nzima kuwabembeleza watu wenye njaa. Sahihi kwenye hati ya safari ilikuwa yangu.

Walioanzisha safari za kupeleka chakula Sudan Kusini mwaka 1989, kutoka Lokichoggio kule Turkana, walijaribu njia nyingine: Umoja wa Mataifa ulipatana na serikali ya Khartoum na waasi pia, na ndege zikaruka kwa idhini. Ni njia safi zaidi, nayo ina bei yake. Februari 1998 Khartoum ilizuia ndege kwenda Bahr el Ghazal, na watu wakafa njaa huku magunia yakiwa tayari. Von Rosen asingengoja idhini ile. Mimi, mtumishi wa serikali niliyezoea mihuri, nadhani ningengoja, na sijivunii.

Vita vya Biafra vilikwisha tarehe 15 Januari 1970. Von Rosen alirudi Ethiopia, na wakati wa njaa ya mwaka 1974 alitumia vijindege vya MFI-15, ndugu wa vile vya Biafra, kudondosha chakula katika vijiji visivyo na barabara. Safari hii chini ya mabawa palifungwa magunia ya nafaka. Alikuwa bado kwenye kazi za misaada usiku wa tarehe 13 Julai 1977, majeshi ya Somalia yaliposhambulia mji wa Gode, naye akauawa hapo akiwa chini, si angani. Alikuwa na umri wa miaka 67.