Bibi Mmoja Mbishi, Wanafunzi Wachache na Treni ya Moshi Iliyogoma Kufa

Kila Desemba, kwenye stesheni ndogo ya Sheffield Park huko Sussex, kusini mwa London, kunakuwa na foleni ya aina yake. Watoto wamevaa makoti mazito na kofia za sufu. Baba kambeba mdogo mabegani, mama anakagua tiketi mara ya tatu, bibi anauliza choo kiko wapi. Mara mlio mkali unasikika, moshi mweupe unapanda juu ya miti, na kichwa cha treni cheusi kinaingia taratibu kikihema kama ng'ombe aliyetoka kupanda mlima. Watoto wanapiga kelele. Mmoja analia kabisa kwa woga.

Wakishakaa ndani ya mabehewa ya mbao na viti vya kitambaa, Santa anapita behewa kwa behewa na zawadi. Picha zinapigwa, zinapostiwa, maisha yanaendelea.

Lakini kwenye foleni ile ni wachache sana wanaojua kwamba reli wanayoipanda ilishafungwa mara mbili, na kipande chake kikafukiwa chini ya takataka. Inaitwa Bluebell Railway, jina la yale maua ya buluu yanayotanda misituni kandokando yake kila majira ya kuchipua. Na kama isingekuwa ubishi wa mama mmoja, leo pangekuwa na vichaka tu.

Mama aliyesoma sheria hadi mwisho

Turudi mwaka 1955. Shirika la reli la serikali ya Uingereza linapata hasara, magari na mabasi yanawachukua abiria, na njia ndogo za vijijini zinaanza kufungwa moja baada ya nyingine. Mwezi Mei mwaka huo zamu ya reli hii ikafika. Treni zikasimama, watu wakanung'unika, kisha wakaanza kuzoea.

Mama mmoja mkazi wa eneo hilo hakuzoea. Hakuandamana wala hakufunga barabara. Alichofanya ni kutafuta sheria za Bunge za miaka ya 1870 zilizoruhusu reli ile ijengwe, akazisoma. Wangapi kati yetu tunasoma vigezo na masharti kabla ya kubonyeza "nakubali"? Yeye alisoma, na humo ndani akakuta kifungu kinachomlazimu mwenye reli kuendesha treni kila siku. Kwa hiyo shirika lilikuwa limefunga njia ambayo kisheria halikuwa na ruhusa ya kuifunga!

Basi bwana, shirika likakosa pa kutokea. Agosti 7, 1956, treni zikarudi. Ila zilirudi kwa kununa: 4 tu kwa siku, na kwa saa ambazo hazimfai mtu anayewahi kazini. Tena hazikusimama Barcombe, kwa sababu stesheni hiyo haikutajwa kwenye sheria.  Watu wakaibatiza jina la huduma ya kununa.

Shirika likaenda Bungeni kupata ruhusa ya kufunga, na Machi 1958 reli ikafungwa tena, safari hii kihalali. Juu juu unaweza kusema mama alishindwa. Ukitazama vizuri, alinunua muda. Kwa miaka ile miwili reli ilibaki kwenye midomo ya watu na kwenye magazeti, na vyuma havikung'olewa.

Wanafunzi wanaingia

Hapa sasa ndipo vijana walipoingia. Mwaka 1959 wanafunzi wachache, umri ambao wengi wetu tunawaza mitihani na mapenzi, waliitisha mkutano wa kuiokoa reli. Watu wakajaa, chama kikaundwa. Hawakuwa na hela wala uzoefu. Walichokuwa nacho ni mfano: huko Wales, reli ndogo ya Talyllyn ilikuwa imechukuliwa na watu wa kujitolea mwaka 1951, ya kwanza duniani kuokolewa hivyo, na ilikuwa bado inatembea.

Mwaka 1960 wakanunua kichwa kidogo kiitwacho Stepney, kilichotengenezwa mwaka 1875. Ndiyo, wakati ule tayari kilikuwa na miaka 85. Agosti 7, 1960, miaka 4 kamili tangu siku ya zile treni za kununa, wakafungua njia kwa abiria. Madereva, wakata tiketi na wapaka rangi wengi walikuwa watu wenye kazi zao nyingine, waliokuja wikiendi kuchafuka masizi bila kulipwa.

Nao waliwahi kweli kweli. Agosti 1968 shirika la serikali liliendesha treni yake ya mwisho ya kawaida ya mvuke kwenye njia kuu. Vichwa kwa mamia vikapelekwa kwenye vyuma chakavu. Ambavyo vimebaki hadi leo vina watu walioving'ang'ania.

Kwa nini Santa?

Mpaka hapo ni hadithi tamu, lakini kuna tatizo: treni ya mvuke inakula hela vibaya. Asubuhi kabla jogoo hajawika kuna mtu anawasha moto, na inachukua saa kadhaa maji kuchemka hadi mvuke utoshe kuvuta mabehewa. Kila miaka 10 hivi boila lazima lifumuliwe na kukaguliwa upya, kazi ya muda mrefu na fedha nyingi. Hata makaa yamekuwa mtihani. Mgodi mkubwa wa Wales uliotegemewa na reli nyingi za aina hii ulifungwa mwaka 2023, sasa wanaagiza nje.

Wapenzi wa treni, wale wenye kamera kubwa na madaftari ya namba za vichwa, hawatoshi kulipa bili hiyo. Anayelipa ni familia. Ndiyo maana reli hizi zikajifunza kalenda ya familia: Pasaka kutafuta mayai ya chokoleti, Siku ya Mama chai na keki ndani ya behewa, kiangazi siku za mavazi ya miaka ya 1940, Oktoba treni za mizimu, na Desemba ndio mavuno yenyewe, treni za Santa.

Kuna na Thomas, kile kichwa cha buluu chenye uso. Kilitokana na hadithi ambazo kasisi mmoja alimsimulia mwanawe aliyekuwa mgonjwa wa surua. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1945, na mwaka 1963 kasisi huyo akaandika kimoja kuhusu Stepney wa Bluebell. Leo reli nyingi zinabandika uso mbele ya kichwa, na watoto wanajaa.

Wapo wazee wa reli wanaokunja uso. Historia gani hii ya kuvaa ndevu za pamba? Hoja yao si ya kupuuza. Lakini tiketi ya Desemba ndiyo inayolipia boila la Machi. Na yule mtoto aliyelia kwa woga leo, baada ya miaka 15 huenda ndiye atakayeshika koleo la makaa. Wanafunzi wa 1959 sasa ni wazee au hawapo tena. Nani atawapokea, kama si mtoto aliyepandishwa treni akiwa na miaka minne?

Chini ya takataka

Ushahidi kwamba mchezo huu una maana uko upande wa kaskazini wa njia. Baada ya reli kufungwa, bonde lililochimbwa ili treni ipite karibu na mji wa East Grinstead liligeuzwa dampo. Takataka za majumbani zilijazwa humo hadi juu. Watu wa Bluebell walitaka treni yao ifike mjini, kwa hiyo wakachangishana na kuzichimba, nyingine zikaondolewa kwa treni hiyohiyo. Machi 2013 njia ikafika East Grinstead, kilomita karibu 18 kutoka Sheffield Park. Mtoto anayepita hapo leo akila biskuti hajui kama anapita katikati ya lililokuwa jalala.

Na kwetu?

Mwaka uleule wa 1955, reli ya Bluebell ikifungwa, kiwanda cha Beyer, Peacock huko Manchester kilikuwa kinatengeneza majitu ya kuja Afrika Mashariki: vichwa 34 vya daraja la 59, kila kimoja tani zipatazo 250, vyenye majina ya milima yetu. Vilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Viwili vimebaki, Mount Gelai na Mount Shengena, majina ya milima ya Tanzania. Mount Gelai kipo Makumbusho ya Reli Nairobi, jirani na stesheni kuu. Watu wanapita nje kila siku wakiwahi matatu.

Chuma kile hakitaokolewa na hotuba. Bluebell haikuokolewa na waziri. Iliokolewa na mama aliyesoma karatasi, wanafunzi waliokataa kuambiwa haiwezekani, na baada yao maelfu ya familia zilizotafuta tu mahali pa kwenda na watoto Jumamosi.

Haya mdau, mara ya mwisho kumpeleka mtoto, mdogo wako au bibi yako kuona treni ya zamani ilikuwa lini? Na kama hujawahi, Desemba hii utaenda na nani? Dondosha hapo chini.