Wepesi: Habari za Motokaa Ndogo Yenye Mbio

Katika lugha yetu neno "wepesi" lina maana mbili zisizogombana: kitu kisicho na uzito ni chepesi, na mtu asiyekawia katika mwendo au katika kazi naye ni mwepesi. Wahenga walioziweka maana hizo mbili katika neno moja hawakukosea, kwani kila nahodha aliyepata kutosa shehena baharini wakati wa tufani anajua kwamba chombo chake hakikuongezewa pepo wala tanga, bali kilipunguziwa mzigo, na kwa kupunguziwa huko kikainuka juu ya maji na kuyapasua mawimbi. Tarehe ya aina moja ya motokaa, ile ndogo ya kwendea sokoni ambayo mafundi waliigeuza hata ikawa na mbio za kuyaaibisha magari makubwa ya thamani, ni kama sherehe ndefu ya neno hilo moja.

Chanzo chake kilikuwa dhiki. Mwaka 1956, Mfereji wa Suez ulipofungwa kwa sababu ya vita, na mafuta yakawa hayafiki Ulaya ila kwa merikebu zilizozunguka Rasi ya Tumaini Jema, serikali ya Uingereza ililazimika kuwagawia raia petroli kwa kipimo, na watu waliokuwa wakijifaharisha kwa motokaa kubwa wakaanza kuzitafuta zile zinazokunywa kidogo. Leonard Lord, mkuu wa kampuni ya British Motor Corporation, akamwagiza mhandisi wake Alec Issigonis, aliyezaliwa Smirna katika Dola ya Uthmaniya mwaka 1906, abuni motokaa ndogo itakayochukua watu wazima wanne kwa staha. Issigonis akailaza injini kwa upana chini ya boneti, akaiweka giaboksi chini yake ndani ya sampu ili zinywe oili moja, na akayasukuma magurudumu ya inchi 10 hadi kwenye pembe nne kabisa za bodi. Na mahali pa springi za chuma, rafiki yake Alex Moulton akamtengenezea koni za mpira. Motokaa hiyo, iliyoitwa Mini, ilitangazwa tarehe 26 Agosti 1959, ikiwa na urefu wa futi 10 tu, uzito wa kilo 600 hivi, na injini ya sentimita za ujazo 848 iliyotoa nguvu za farasi 34.

Issigonis aliiona kazi yake kuwa imekwisha, kwa kuwa azma yake ilikuwa usafiri wa watu wa kawaida na wala si mashindano. Lakini John Cooper wa Surbiton, ambaye motokaa zake zenye injini nyuma ya dereva zilimpa Jack Brabham ubingwa wa dunia mwaka 1959 na tena mwaka 1960, alipoiendesha Mini aliona jambo ambalo mwenye kuibuni hakulijali: kwamba kitu hiki kidogo kilishika kona kwa namna ambayo magari yenye nguvu mara tatu hayakuweza. Issigonis hakuafiki shauri la kuiongezea mbio, na Cooper, bighairi ya kubishana naye, akamwendea George Harriman aliyekuwa juu yake, akapewa ruhusa ya kutengeneza motokaa 1,000, idadi ambayo kanuni za mashindano zilitaka ili gari lihesabiwe kuwa ni la kuuzwa kwa watu na si la kuchezea tu.

Hiyo ndiyo Mini Cooper ya Septemba 1961, yenye injini ya sentimita za ujazo 997, kabureta mbili, na nguvu za farasi 55. Hata hivyo tafauti iliyowashughulisha mafundi kuliko zote haikuwa katika injini. Breki za kwanza za Mini zilikuwa za dramu, nazo zilitosha kwa mtu aendaye dukani. Bali kwa mtu ashukaye mlima kwa kasi zingepata moto na kulegea hata mguu ukafika sakafuni. Ilibidi zitiwe breki za diski mbele, na diski hizo ziingie ndani ya gurudumu la inchi 10, likiwamo pamoja nazo lile koleo la chuma lenye kuzibana. Hivyo zikafanywa za inchi 7, pana kidogo kuliko sahani ya chai, wakati ambapo motokaa nyingi kubwa za Uingereza zilikuwa zingali hazijui diski ni nini. Aliyejifunza kuiharakisha motokaa hii alijifunza kwanza kuisimamisha.

Wakati huohuo katika kijiji cha Downton, wilaya ya Wiltshire, Daniel Richmond na mkewe Bunty walikuwa na karakana ambayo habari zake zilivuma hata mabwana wa kampuni wenyewe wakawa wanapeleka motokaa zao huko. Silinda hedi ya injini ile ilikuwa na kasoro moja ya kuzaliwa nayo: silinda zilikuwa 4, lakini matundu yalikuwa 5 tu, 2 ya kuingizia hewa na petroli na 3 ya kutolea moshi, ikawa silinda mbili mbili zinavuta pumzi kwa pua moja. Richmond hakutoboa tundu jingine. Kazi yake ilikuwa kuyapanua yaliyopo kwa jiwe la kusagia, kuyalainisha hata yang'are kama ndani ya kombe la bahari, kuuondoa kila ukingo uliozuia hewa, na kuvisawazisha vyumba vya kuchomea ili kisiwepo kilicho kikubwa kuliko mwenzake. Nguvu iliyopatikana haikutoka katika kitu kilichoongezwa, ilitoka katika unga wa chuma ulioanguka sakafuni. Na ustadi huo ulipothibiti, kampuni ikamwita mwenyewe asaidie katika kuitengeneza injini ya aina iliyofuata.

Aina hiyo, Cooper S, ilitoka mwaka 1963 ikiwa na sentimita za ujazo 1,071 na nguvu za farasi 70, na mwaka uliofuata ikapata injini ya 1,275 yenye nguvu za farasi 76. Mwenye kupenda hesabu atambue kwamba katika Mini ya kwanza kila farasi mmoja alibeba kilo 17 au 18 za chuma, ilhali katika Cooper S hiyo ya pili alibeba kama nusu yake.

Januari 1964 Paddy Hopkirk na Henry Liddon waliipeleka moja ya Cooper S hizo katika mashindano ya Monte Carlo, ambako wapinzani wao walikuwa na magari mfano wa Ford Falcon ya Bo Ljungfeldt, yenye injini ya silinda 8 na karibu lita 5. Ni haki kusema kwamba hesabu ya mashindano iliwapunguzia kidogo wenye injini kubwa. Lakini katika barabara za Alpi zilizoganda barafu mambo mengine nayo yalipiga hesabu yake. Injini na giaboksi ya Mini vyote vilikuwa juu ya magurudumu ya mbele, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakisukuma, hata uzito ule ukawa kama farumi chini ya jahazi: haukuwa mzigo, ulikuwa ndio unaokishikisha chombo. Hopkirk akashinda, na mwaka 1965, katika theluji iliyowafukia wengi, Timo Mäkinen akashinda tena.

Mwaka 1966 Mini tatu zilishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wakaguzi wakazifungua injini, wakapima kila kitu kwa saa nyingi, wasione la kulaumu. Hatimaye wakazitoa mashindanoni kwa sababu ya taa kubwa za mbele, kwa hoja kwamba balbu zake zenye waya mmoja hazikuwafikiana na kanuni za kupunguza mwanga, na ushindi akapewa Pauli Toivonen wa Citroën. Waingereza walilalamika sana. Ila Rauno Aaltonen aliporudi mwaka 1967 na Mini na kushinda, malalamiko yakakosa kazi.

Kufikia hapo motokaa hii ilikuwa na wepesi na mbio, lakini ilikosa jambo moja ambalo leo ndilo alama ya ukoo wake, nalo ni mlango mpana wa nyuma unaoinuka pamoja na kioo chake. Buti ya Mini ilikuwa na kifuniko kidogo kilichofunguka kwa kushuka chini, na kwa kuwa mwenye mzigo mrefu angeweza kwenda kikiwa wazi, bamba la namba likafungwa kwa bawaba ili lining'inie na kusomeka. Matajiri wa London walizipeleka Cooper zao kwa mafundi wa bodi waliozoea Rolls-Royce na Bentley, zikavishwa ngozi na mbao. Na mmoja wa matajiri hao, Ringo Starr wa kundi la Beatles, mwaka 1966 aliagiza kwa mafundi wa Radford Cooper S iliyokatwa nyuma na kutiwa mlango wa kuinuka, kwa haja ambayo kila mwanamuziki ataielewa: alitaka ngoma zake ziingie. Ndipo motokaa ndogo, yenye mbio, iliyotengenezwa kwa mkono kwa mapenzi ya mtu mmoja, na yenye mlango wa nyuma, ikawapo barabarani, miaka kumi kabla ya viwanda kuifanya biashara.

Biashara hiyo ilifunguliwa na Wajerumani, nao kwa siri. Mhandisi wa Volkswagen, Alfons Löwenberg, aliwaandikia wenzake kuwashauri watengeneze Golf yenye mbio, na kikundi kidogo mjini Wolfsburg kikaifanya kazi hiyo bila amri rasmi ya wakubwa. Ilipoonyeshwa Frankfurt mwaka 1975 kwa jina la Golf GTI, wakuu walidhani 5,000 zingetosha. Kizazi hicho cha kwanza kilipokoma zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 460,000. Injini yake ya lita 1.6 ilitoa nguvu za farasi 110, nayo motokaa yenyewe haikuzidi sana kilo 800, hata kila farasi akabeba kilo 7 na kidogo. Mapambo yake yalikuwa akali: mstari mwekundu kuzunguka grili, viti vya kitambaa cha mirabaraba ya Kiskoti, na kishikio cha gia chenye umbo la mpira wa gofu, vitu viwili hivi vya mwisho vikiwa ni fikra za Gunhild Liljequist.

Wafaransa wakajibu mwaka 1984 kwa Peugeot 205 GTI, yenye nguvu za farasi 105 na uzito wa kilo 850 hivi, na ni katika hiyo ndipo madereva wengi walipojifunza kwamba wepesi nao una ushuru wake. Dereva aliyeingia kona kwa kasi, kisha akaogopa na kuuondoa mguu kwenye mafuta, aliona uzito wote ukilala mbele na mkia uliobaki mtupu ukitoka kutaka kumtangulia; kama chombo kisicho na farumi shetrini, kiligeuka kwa kosa dogo la mshika usukani. Mtaliano Giugiaro, aliyechora umbo la Golf, alichora pia Lancia Delta, ambayo katika sura yake ya Integrale ilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1988 na 1989 ikiendeshwa na Miki Biasion, na mwaka 1991 na Juha Kankkunen. Lakini hiyo ilikuwa na turbo, ilisukuma magurudumu yote manne, na ilikuwa nzito kupita ndugu zake, kwa kuwa makorongo na vumbi vya Afrika ya Mashariki vinataka kifua zaidi ya miguu.

Tangu hapo nguvu zimeongezeka kila mwaka, na uzito ukafuatana nazo. Golf GTI za karne hii zimepita kilo 1,300, kwa mikoba ya hewa, mashine za baridi, viti vya umeme na vyuma vya kumlinda abiria, mambo ambayo hapana mwenye akili atakayeyakana. Ndiyo sababu wale waliobaki na kiu ya motokaa ya zamani hurudi kuiunda wenyewe. Huko Uingereza wamo mafundi wanaochukua Mini kuukuu, wakaitia injini ya Honda ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 160, wakaweka boneti ya fiberglasi na madirisha ya plastiki, na wakapata motokaa ambayo kila farasi wake ana mzigo wa kilo 4 au 5.

Nayo sheria ya huko, kwa miaka mingi, iliwapimia mafundi hawa kwa alama. Motokaa iliyogeuzwa ilipaswa kubakiwa na alama 8 au zaidi za asili yake ili iendelee kuitwa kwa jina lake na kushika namba yake: bodi ilihesabiwa alama 5, usukani 2, springi na viungo vyake 2, eksili 2, giaboksi 2, na injini 1. Kwa hiyo aliyebadili injini pamoja na giaboksi alipoteza 3 tu, akabaki na 11. Lakini aliyeshika msumeno akaikata bodi ili injini ile ienee, alipoteza 5 zaidi, akabaki na 6, na kazi yake yote ikabidi ikaguliwe upya na kupewa namba inayoanza kwa herufi Q, kama kitu kisichojulikana kilikozaliwa.

Katika alama 14, injini ilikuwa na 1. Sidhani kwamba makarani walioipanga hesabu hiyo walimfikiria Cooper wala Richmond. Lakini fundi mzoefu angewapa haki. Kwani yeye naye, kabla ya kuagiza injini yoyote, huanza kwa kung'oa viti vya nyuma, na mazulia, na ile lami ya kuzuia kelele iliyogandishwa sakafuni, akaikwangua vipande vipande kwa patasi, kisha akaviweka vyote juu ya mizani na kuandika kilo zake ukutani kwa chaki.