Mbona Kibera Ina NGO Kibao?

Tembea kutoka Olympic hadi Laini Saba ukihesabu mabango ya NGO. Utachoka njiani. Watu husema ni huruma ya Wazungu. Zii. Masikini wako kila pembe ya hii nchi na mabango hayako hivyo.

Kuna Mmarekani, Burton Weisbrod, aliyejaribu kueleza hii kitu miaka ya 1970. Kwake, serikali hutoa kile mpiga kura wa kawaida anataka. Wenye mahitaji mengine wakiachwa nje, wanajipanga wenyewe, na hapo ndipo mashirika yasiyo ya faida huzaliwa.

Sasa weka hiyo Kibera. Mwanzoni ulikuwa msitu wa wanajeshi Wanubi wa King's African Rifles, na 1918 ikatangazwa rasmi ardhi ya jeshi. Walipewa pa kukaa, hatimiliki hawakupewa. Uhuru ukaja, ardhi ikabaki ya serikali, na waliojenga hapo wakachukuliwa kama hawapo. Maji ya mfereji utayapelekaje kwa mtu "hayupo"? Hapo Weisbrod anachechemea kidogo, juu kura Kibera zimejaa na kila mwanasiasa anajua njia ya kufika. Kilichokosekana ni hati.

Mwingine ni Henry Hansmann, 1980. Yeye anauliza: kama huwezi kuona ulichonunua, utamwamini nani? Mtu ako Oslo analipia maji ya mtoto wa Gatwekera, na hatawahi kuyaonja. Kwa hivyo anatafuta shirika ambalo sheria inakataza wenyewe kugawana faida. Wapangaji wa ploti Kawangware wakichangia matanga, kila mtu anaona doo imeenda wapi. Bango la nini?

Lakini manze, hii ya Hansmann ina upande mchungu. Anayelipa si anayekunywa. Kwa miaka dunia iliambiwa Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Hata useme iliruka nyumba kadhaa, milioni ni mbali sana. Nani angekimbia kurekebisha namba inayoleta pesa?

Si wote wametoka nje, by the way. SHOFCO ilianzishwa 2004 na Kennedy Odede, kijana aliyekulia hapo hapo, na leo mabomba yake ya maji yanapita hewani juu ya mapaa. Hata hivyo, maji yakikatika, mama mwenye mtungi wa lita 20 hawezi kumpigia kura mkurugenzi wa NGO yoyote. Diwani wake anaweza kumtoa 2027.