Kutoka Nyota ya Mkaguzi hadi Alama ya Mgeni: Historia Fupi ya Tathmini za Malazi na Suala la Ushahidi

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika methali hii, heri ya mwenyeji imo katika kufika kwa mgeni. Katika biashara ya malazi ya karne ya 21, heri hiyo hutegemea pia maneno anayoyaacha mgeni baada ya kuondoka. Mmiliki wa nyumba ya wageni yenye vyumba sita anaweza kukosa wateja msimu mzima kwa sababu ya alama zilizotolewa na watu asiowakumbuka. Makala haya yanafuatilia namna mamlaka ya kukadiria malazi yalivyohama kutoka kwa mkaguzi hadi kwa mgeni. Hoja kuu ni kwamba historia hii ni historia ya kumtafuta shahidi wa kuaminiwa, na kwamba kila njia iliyobuniwa ili kumthibitisha shahidi huyo iliziba pengo moja na kuacha jingine wazi.

2.0 Enzi ya Mkaguzi

Katika miaka ya 1840, Karl Baedeker, mchapishaji wa Koblenz nchini Ujerumani, alianza kutumia alama ya nyota katika vitabu vyake vya mwongozo wa wasafiri ili kuonyesha mambo yaliyostahili kutazamwa. Baadaye nyota hiyo ilitumika pia kwa hoteli. Nchini Uingereza, chama cha wenye magari kiitwacho AA kilianza kuzipanga hoteli kwa nyota mwaka 1912. Nchini Ufaransa, mwongozo wa Michelin, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1900, ulianza kutoa nyota kwa ajili ya mapishi bora mwaka 1926, na ukaja kujulikana kwa wakaguzi wake wanaokula na kulipa bila kujitambulisha.

Katika mifumo yote hii, msomaji hakumjua mkaguzi, lakini aliijua taasisi iliyomtuma. Mwongozo ukidanganya, jina lake ndilo lingeharibika na mauzo yake yangeshuka. Upungufu wake ulikuwa wa aina nyingine: wakaguzi walikuwa wachache, ziara zao zilikuwa za nadra, na nyumba nyingi ndogo hazikufikiwa kabisa.

3.0 Mgeni Kuwa Shahidi

Mwaka 2000, Stephen Kaufer na wenzake walianzisha TripAdvisor katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Kusudi lao la awali lilikuwa kukusanya mahali pamoja yale yaliyoandikwa na magazeti na vitabu vya mwongozo. Nafasi ya wasafiri kuongeza maoni yao ilikuwa jambo la pembeni. Hata hivyo, maoni hayo yaliongezeka upesi kuliko maandishi ya wataalamu, na hatimaye yakawa ndiyo kiini cha tovuti.

Mabadiliko haya yaliondoa upungufu wa mkaguzi, kwani nyumba yoyote iliyolaza mgeni iliweza kupata shahidi. Lakini yalizua swali jipya: je, aliyeandika alilala hapo kweli? Mwaka 2012, mamlaka ya kusimamia matangazo ya Uingereza iliamua kwamba TripAdvisor haikupaswa kutangaza kana kwamba maoni yake yote yalitoka kwa wasafiri halisi, kwa kuwa haikuweza kulithibitisha hilo.

4.0 Njia za Kumthibitisha Shahidi

Njia ya kwanza ilikuwa kumruhusu aseme yule tu aliyelipia chumba kupitia tovuti husika. Booking.com, iliyoanzishwa mwaka 1996, ilifuata utaratibu huo. Umuhimu wake ulidhihirika katika utafiti wa Dina Mayzlin, Yaniv Dover na Judith Chevalier uliochapishwa mwaka 2014. Watafiti hao walilinganisha maoni kuhusu hoteli zilezile za Marekani katika Expedia, iliyodai uthibitisho wa malipo, na TripAdvisor, isiyodai. Walibaini kwamba hoteli yenye jirani mshindani ilikuwa na sehemu kubwa zaidi ya maoni mabaya pale ambapo kila mtu aliweza kuandika.

Hata hivyo, shahidi wa kweli anaweza kuwa na hofu. Katika Airbnb, iliyoanza mwaka 2008, mgeni na mwenyeji hukadiriana. Aliyesema kwanza alijiweka katika hatari ya kulipiziwa kisasi. Kwa sababu hiyo, mwaka 2014 kampuni hiyo ilianza kuyaficha maoni ya pande zote mbili mpaka kila upande uandike, au siku 14 zipite.

Aidha, kipimo chenyewe kinaweza kupotosha. Kwa miaka kadhaa, wageni wa Booking.com walichagua kati ya picha nne za nyuso, ambazo thamani zake zilikuwa 2.5, 5, 7.5 na 10. Msomaji aliona alama kati ya kumi, lakini hata hoteli mbovu kupita zote isingeweza kushuka chini ya 2.5.

5.0 Nyota Rasmi na Alama za Wageni Afrika Mashariki

Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unazitaka nchi wanachama, katika ibara ya 115, kusawazisha upangaji wa hoteli katika madaraja. Ndiyo kusema, kanda hii iliazimia kuimarisha nyota ya mkaguzi katika kipindi kilekile ambacho mgeni alikuwa anaanza kupewa kalamu. Mifumo hii miwili hupima mambo tofauti: mkaguzi huangalia vifaa na huduma kwa vigezo vilivyowekwa, ilhali mgeni hulinganisha alichokipata na alichokitarajia kwa bei aliyolipa. Hivyo basi, gesti isiyo na nyota inaweza kuipita kwa alama hoteli ya nyota nne, na pasiwepo aliyedanganya.

6.0 Hitimisho

Sheria nazo zimeanza kuuliza kuhusu shahidi. Tangu Mei 2022, Umoja wa Ulaya unawataka wafanyabiashara wanaoonyesha maoni ya wateja waeleze kama wanahakikisha yametoka kwa wateja halisi, na kwa njia gani. Mwaka 2024, Marekani ilipiga marufuku uuzaji na ununuzi wa maoni ya kughushi. Hatua hizi zinaweza kumzuia mwongo, lakini hazimfanyi aliyeridhika na kunyamaza aseme. Kwa hiyo, anayesoma wastani wa alama anapaswa kujua ni nani aliyeruhusiwa kusema, ni nani aliyenyamaza, na kipimo kinaanzia wapi. Bila kujua hayo, mwenye gesti ya vyumba sita anahukumiwa kwa ushahidi ambao hakuna aliyeuhoji.